Mhariri, hizi LED tunazochomeka kwenye taa za halojeni zinatupofusha wenyewe

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikate sana, najua huwa mnafupisha, ila hili suala la taa za gari ukilifupisha linabaki kelele tu na watu wanaendelea kununua wanachonunua.

Mimi ni mkazi wa Dodoma, ukweni kwangu ni Singida, kwa hiyo barabara ya Bahi, Manyoni, Ikungi nimeipita mpaka matuta yake nayajua kwa majina. Dar siku hizi siendi na gari, tangu 2024 treni ya SGR ianze kufika hapa kwetu napanda zangu nasinzia mpaka nafika, lakini Singida bado ni usukani na macho yako mwenyewe. Na usiku sio kwamba napenda, msiba haukuulizi saa ngapi. Ukishaiacha Bahi kwa nyuma taa za barabarani sahau, labda pale mjini Manyoni na kwenye senta mbili tatu zilizowekewa za sola, kwingine kote ni giza lile la kwetu, giza nene, na ndani ya giza hilo kuna baiskeli ya mkaa isiyo na hata kipande cha kung'aa, kuna ng'ombe waliochelewa kurudi, kuna lori limeharibika limeachwa palepale kwenye lami na matawi matatu ya mti nyuma yake ndo ishara. Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku nayo yamo, sipingi, ila magari yameongezeka na kila anayekuja mbele yako ana taa kali kuliko wa jana.

Asa mwaka huu nikaona na mimi nisiwe mjinga. Gari yangu ni IST, taa zake za mbele zinatumia globu ya halojeni, ile ya kawaida ya uzi unaowaka, aina ya H4, yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, uzi wa fulu (mwanga wa mbali) wati 60 na uzi wa dimu (mwanga wa karibu, wa kupishana) wati 55. Zilikuwa zimefifia, zina umanjano kama chai ya maziwa, na umri wangu nao umeenda, nipo 57, jioni naanza kukunja macho. Kijana mmoja dukani akanionyesha LED za H4, kwenye boksi zimeandikwa namba kubwa ya lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, mpaka unaogopa, akaziwasha pale kwenye betri zikawa nyeupe pee, ukuta mzima ukang'aa. Elfu 65 nikatoa. Fundi kazichomeka dakika kumi, nikarudi nyumbani nikawaita watoto waje waone.

Wiki mbili baadae nikatoka Singida kwenye arobaini ya mzee, saa mbili usiku niko barabarani. Kitu cha kwanza kila gari linalokuja linanipigia fulu. Mimi nimeweka dimu! Nawajibu na mimi napiga fulu kuwaonyesha kwamba hapo kabla nilikuwa kwenye dimu, nao wanarudisha, tukawa tunatukanana kwa taa mpaka Manyoni. Nikajisemea wana wivu, ndugu mhariri, kweli kabisa nilijisemea hivyo.

Katikati ya Manyoni na Bahi, nipo kama 80, mbele ya gari kweupe kama sherehe ya harusi, lami naona hadi kokoto, halafu ghafla kwenye mwisho wa ule weupe kukatokea kitu cheusi, punda wawili, mkokoteni umejaa kuni na juu ya kuni amelala mtoto. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi. Gari likasota likasimama nimebakiza hatua chache, mzee mwenye mkokoteni naye alikuwa ameshawavuta punda mtaroni gurudumu moja liko hewani. Hakuna aliyeumia. Nikashuka miguu inatetemeka, nikamwamkia mbukwa ya Kigogo, akaitikia vizuri tu bila ugomvi, akaniambia nilikuwa naona miti inawaka juu huko, matawi yote meupe, nikadhani gari liko mbali linapanda kilima.

Hilo neno la miti ndo limenifanya niandike barua hii. Yani globu ya elfu 65 ilikuwa inamulika ndege kwenye viota na mkokoteni wa mbele yangu haiuoni.

Nilipofika Dodoma nikamtafuta fundi umeme mmoja wa zamani, mtu wa maneno machache, akafungua boneti akacheka. Akachomoa ile LED akaiweka pembeni ya globu ya kawaida ya halojeni akaniambia angalia ndani. Ukiiangalia H4 vizuri, ule uzi wa dimu chini yake kuna kikombe kidogo cha bati, kidogo kama ganda la karanga. Kazi ya kile kikombe ni kuzuia mwanga usiende nusu ya chini ya rifleta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa linalorudisha mwanga mbele, maana mwanga ukipiga chini ya rifleta unarudi juu, yaani kwenye macho ya anayekuja na kwenye miti ya yule mzee. Rifleta yote imepigiwa hesabu kwa kuamini kwamba mwanga unatokea kwenye uzi mwembamba wa milimita chache uliokaa sehemu moja tu. Sasa LED nyingi za bei yetu zimebandikwa vipande vyake kwenye bati nene, mwanga unatokea kushoto na kulia na sio pale pale ulipokuwa uzi, basi rifleta inachanganyikiwa inatupa mwanga kila upande. Ukuta wa dukani utang'aa, ndio, ukuta hauna gari linalokuja mbele.

Na kuna kingine alinieleza nikakaa chini kabisa. Ule weupe wa karibu na bampa ambao tunausifia ndo adui. Jicho likiona mwanga mwingi hapo mita kumi linajibana, mboni inakuwa ndogo, kwa hiyo kile kilichoko mita 60 ambacho kina mwanga kidogo linakiona giza zaidi ya awali. Unajisikia unaona sana kumbe umepunguziwa. Piga hesabu mwenyewe, spidi 80 ni mita 22 kila sekunde, mpaka ubongo ushtuke na mguu ufike kwenye breki sekunde moja na nusu imeisha, umeshakula mita 33, gari nalo linataka kama mita 35 nyingine kusimama kwenye lami kavu na matairi mazuri. Karibu 70 hizo. Dimu ya kawaida mtu aliyevaa nguo nyeusi unamuona kwenye 50 hivi ukibahatika. Maana yake tukiwa kwenye dimu na tunakimbia 80 tunaendesha kwa imani tu, na hapo hujaweka ugoro wa taa za mwenzako machoni.

Sisemi LED ni mbaya, wanaonisoma wasinielewe vibaya. Gari lililotoka kiwandani na LED zake na projekta yake lile lina kioo na kizuizi vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, mwanga wake unakatwa mstari mnyoofu kama umepigwa rula, linakuja mbele yako wala hulaumu. Ugomvi wangu ni huu wa kuchomoa kitu kilichopimwa na kuchomeka kitu cha kubahatisha. Hata Ujerumani, wenye magari yao, ni mpaka 2020 ndo waliruhusu LED ya kwanza ya kuchomeka kwenye taa ya halojeni, ya Osram, tena sio kwa kila gari, kuna orodha ya magari yaliyopimwa moja moja na kama lako halimo hairuhusiwi. Sisi tunauziana kwenye meza pembeni ya vocha. Zenoni, zile taa za gesi, nazo vilevile, ile vurugu ya miaka ile kila mtu anafunga zenoni kwenye rifleta ya halojeni tuliiona, na rangi ya bluu juu yake, mtu anajisifu amefunga Kelvin 8000. Kelvin sio ukali jamani, Kelvin ni rangi. Halojeni ya kawaida ipo kwenye 3200 hivi, jua la mchana kama 5500, ukipanda 8000 umenunua ubluu. Na zile halojeni zilizopakwa rangi ya bluu kwenye kioo ndo kichekesho zaidi, ile rangi inakula mwanga, unalipa zaidi kupata pungufu.

Shemeji yangu yeye alikwepa LED akasema anabaki na halojeni ila anaweka ya nguvu, 100/90, yaani wati 100 za fulu na 90 za dimu. Ana Noah ya zamani. Hesabu yake wati 90 mara mbili ni 180, gawanya kwa volti 12 ni ampea 15, wakati waya wa gari na swichi vimezoea kama 9. Miezi mitatu soketi ikayeyuka ikashikana na globu, rifleta ikaungua ikawa na doa la moshi, na siku ilipozimika ilizimika yote mawili akiwa kwenye kona. Sasa hivi ameniachia mimi nimwandikie mhariri.

Basi mtauliza sasa tufanyeje, maana giza lipo na macho yanazeeka. Nitasema nilichofanya mimi kwa maelekezo ya yule fundi, na jumla yake haikuzidi sana ile 65 niliyotupa.

La kwanza tuliosha macho ya gari. Yale makava ya taa siku hizi sio kioo, ni plastiki ngumu, jua linayachoma yanakuwa manjano na ukungu, na jua la Dodoma mnalijua. Globu uweke ya dhahabu, kama kava ni njano mwanga utabaki humo humo ndani. Dawa ya meno inasaidia wiki mbili, nimejaribu, halafu inarudi. Inatakiwa msasa wa maji, unaanza 800, unakuja 1500, unamalizia 2000 au zaidi, kisha polishi, na ukiishia hapo umejidanganya, lazima upulizie kliya, ile vanishi isiyo na rangi, ya kuzuia jua maana ile ngozi ya kiwandani umeshaitoa. Kazi ya nusu siku. Siku hiyo hiyo jioni nilihisi nimebadilisha gari, globu bado ilikuwa ile ile ya zamani.

La pili ndo lilinishangaza. Fundi akawasha injini, akawasha taa, akapima kwenye betri, volti 13.9. Akaja kupima kwenye soketi ya globu akapata 12.3. Nikamwambia si ndo 12 hiyo, gari si la volti 12? Akasema volti hizo zilizopotea njiani ni kama maji ya bomba linalovuja, na globu ya halojeni haina uvumilivu, ukiipunguzia volti kidogo mwanga unashuka mara tatu zaidi. Kwa ile tofauti yangu nilikuwa nimepoteza karibu theluthi ya mwanga. Theluthi! Na mimi nikawa nalaumu globu. Sababu ni waya mwembamba wa miaka 20, swichi iliyochoka, na nukta ya hasi imeota kutu. Tukasafisha hasi kwa msasa, tukafunga rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo, na waya mnene moja kwa moja kutoka betri na fyuzi yake, ile swichi ya zamani ikabaki kazi yake ni kuamrisha rilei tu. Angalizo kwa mafundi vijana, Toyota nyingi za Kijapani zenye H4 swichi inakata upande wa hasi, sio chanya, ukifunga rilei kwa mazoea utakesha.

Baada ya hapo ndo tukaweka globu mpya, halojeni ya wati zile zile 60/55 ya kampuni inayoeleweka, zote mbili kwa pamoja maana ukibadilisha moja gari linakuwa na makengeza. Zipo zile zinazoandikwa zinaongeza mwanga asilimia mia na kitu, ni kweli uzi wake umebanwa vizuri na unawaka moto zaidi, ila hazidumu, kwa barabara zetu zenye matuta na makorongo uzi unakatika mapema, mimi nilichukua ya kawaida na nyingine nimeweka kwenye dashibodi. Na usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanabaki pale na kioo kinaweza kupasuka kikipata moto, shika kwa kitambaa safi.

La mwisho kuzipanga. Hili ni bure kabisa na ndilo watu hawalifanyi. Unaweka gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, matairi yana upepo sawa, unapima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, unauhamishia ukutani kwa chaki, kisha unawasha dimu. Ule mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya alama ya chaki kama sentimita 10. Zangu zilikuwa juu ya alama. Kuna skrubu nyuma ya taa unazungusha taratibu. Halafu, na hapa nacheka peke yangu, magari mengi ya Kijapani yana kiduara kidogo karibu na usukani kimeandikwa 0 mpaka 5, cha kushusha taa ukipakia mzigo nyuma. Nimeendesha miaka minne nikidhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Ukijaza watu na magunia mawili ya vitunguu vya Singida nyuma, pua ya gari inanyanyuka na taa zinaenda kwenye miti, sasa hivi nazungusha 3 au 4 nashusha.

Nimerudi Singida mara mbili tangu hapo. Hakuna aliyenipigia fulu. Sio kwamba naona mpaka Nzega, la hasha, ila bega la barabara upande wa kushoto linaonekana vizuri, na bega ndo wanapotembea watu. Dimu ya gari la Kijapani imekatwa hivyo, upande wa kulia iko chini isimchome anayekuja, upande wa kushoto imepanda kidogo imulike waenda kwa miguu, kwa sababu Japani nako wanaendesha kushoto kama sisi. Hapa ndo inakuja shida nyingine ambayo sijaona mtu akiiandika. Barabara hii hii ndo njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, kwao huko wanaendesha kulia, na baadhi ya malori yao taa zimekatwa kwa kulia, maana yake kile kipande kilichopanda kinakuja usoni kwako moja kwa moja na dereva wala hana kosa, ameweka dimu. Waingereza wakivuka kwenda Ufaransa na magari yao hubandika stika kwenye taa kufunika kile kipande. Stika tu. Pale Rusumo na Kabanga ingekuwa jambo la dakika mbili.

Na kwenye ukaguzi wetu hapa ndani, siku nilipokwenda kuchukua stika ya mwaka nikiwa na zile LED zangu, mkaguzi alisema washa, nikawasha, akasema fulu, nikapiga, akasema safi, taa zako kali, pita. Hakuna aliyeangalia zinamulika wapi. Kifaa cha kupimia mwelekeo wa taa sio ndege ya kivita, ni boksi lenye lenzi kwenye nguzo yenye magurudumu, na wakikosa hata hilo, ukuta na chaki vipo kila mahali. Bodaboda wenye zile spoti mbili za weupe kwenye usukani nao wapitishwe kwenye ukuta huo huo.

Nimemaliza upande wa magari, nabaki na mkokoteni. Yule mzee nilikutana naye tena mwezi wa tisa mnadani, tukakumbukana, tukanywa chai. Amefunga CD mbili mbovu nyuma ya mkokoteni, za kwaya, anasema mjukuu ndo alimshauri. CD inasaidia ila inamulika ikielekea kwako tu, ikigeuka kidogo imekufa. Ile tepu nyekundu na nyeupe ya kwenye matela inarudisha mwanga kule ulikotoka hata ukija kwa pembe, na kwa mkokoteni mmoja inatosha nusu mita. Nilinunua mita tano nikamwachia, agawie na wenzake. Kama kuna msomaji wa Manyoni au Bahi mwenye duka la spea na mabaki ya tepu hiyo yanayokaa bure, minada inajulikana siku zake, na wenye punda wote wanapita hapo.

Pia naomba kuuliza kupitia kwako mhariri, hapa Dodoma kuna gereji gani ina kile kifaa cha kupimia taa? Chaki yangu watoto wa jirani wameshaifuta mara tatu.

Ni mimi,
Dereva wa IST,
Area C, Dodoma